Shajara ya kuhamia Linux: laptopu ya 2017, chipu kwa chipu

Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Leo ni siku ya nne tangu Windows 10 ifikie mwisho wa matengenezo yake, tarehe 14, na laptopu yangu inawaka vilevile kama juzi na juzi ile. Mwisho wa namna hii hauna mlio. Mashine haizimiki, faili hazipotei, ila tundu la usalama litakalogunduliwa wiki ijayo halitazibwa. Microsoft wameacha nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani, hadi 13 Oktoba 2026. Nimeona afadhali nihame sasa, ningali na nafasi ya kukosea, kuliko kuhama mwakani huku nikikimbizwa.

Kupanda Windows 11 kwa njia inayokubalika haiwezekani. Wao wanataka RAM ya GB 4, mimi ninayo 8. Diski inatosha. Hata TPM 2.0, chipu ya usalama wanayoidai, imo. Kinachokataliwa ni prosesa, Core i5-7200U ya kizazi cha saba, wakati orodha yao ya Intel inaanzia kizazi cha nane ukiacha chache mno za cha saba. Kuna ujanja wa kuruka ukaguzi huo na wapo wanaoutumia. Mimi sitaki mashine ya kazi itegemee ujanja ambao sasisho lolote linaweza kuuvunja.

Basi Debian 13, mojawapo ya mifumo ya Linux. Imetoka 9 Agosti mwaka huu, ina kerneli (kiini cha mfumo kinachozungumza na vifaa) 6.12, na tangu toleo la 12 la mwaka 2023 kisakinishi chake rasmi kinakuja na femwea (programu ndogo zinazoendesha chipu kutoka ndani) zisizo huria humohumo ndani. Zamani ilikulazimu utafute kisakinishi cha pembeni, au uwe na flashi ya pili yenye femwea ya Wi-Fi, ambayo ungeipakua kwa Wi-Fi ipi sasa?

Shajara hii ni ya kuandika kila kifaa: kipi kimekubali, kipi kimegoma, na sababu yake. Nikisahau leo, miezi sita ijayo nitaanza upya kama mgeni.

Jumapili, 19 Oktoba

Siku nzima ya kuhesabu, bila kugusa chochote.

Swali ambalo watu huuliza ni "Laptopu aina fulani inakubali Linux?" Halijibiki vizuri. Laptopu mbili zenye jina moja na lebo moja chini zinaweza kuwa na chipu tofauti za Wi-Fi, kwa kuwa kiwanda kilitumia kilichokuwa ghalani mwezi ule. Linux haiisomi lebo, inasoma namba za chipu. Kwa hiyo nimezichukua namba zote ningali ndani ya Windows, ambako kila kitu bado kinafanya kazi: Device Manager, bofya kifaa, fungua sifa zake, tafuta Hardware Ids. Kadi ya picha ikajitambulisha kwa VEN_8086 na DEV_5916. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji na ya pili ni ya kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, waliojipa namba ya prosesa yao ya mwaka 1978 (walau wao wana ucheshi), na 5916 ni HD Graphics 620. Vifaa vya USB navyo vina jozi yao, VID na PID.

Nimeziandika kwenye karatasi, maana nikizihifadhi ndani ya mashine ninayoenda kuipasua nitakuwa nimejichekea mwenyewe.

Halafu nikazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vifaa ambavyo draiva yao, programu inayokiongoza kifaa, imo ndani ya kerneli na haihitaji kitu kingine: kamera, kwa sababu inafuata kanuni ya pamoja ya kamera za USB, kibodi, pedi ya kugusa, sauti. La pili ni vile ambavyo draiva imo ila chipu inadai ilishwe femwea kila inapowaka. Hapo Debian ya sasa imeshanirahisishia. La tatu ni vile ambavyo draiva yake iko nje ya kerneli, imeandikwa na mtengenezaji na nusu yake imefungwa. Wi-Fi yangu imeangukia humo. Kisoma alama za vidole hakimo katika fungu lolote: namba yake haipo kabisa kwenye orodha ya libfprint, maktaba inayoshughulikia vifaa hivyo. Nimekiwekea alama ya msalaba tangu leo ili kisinisumbue kesho.

Bakapu mara mbili, kwenye diski mbili tofauti. Nimefungua faili kumi hivi kutoka kila diski kuhakikisha zinafunguka kweli, maana bakapu usiyoijaribu ni matumaini tu. Pia nimekuta diski imesimbwa kimyakimya, jambo ambalo sikumbuki kuliomba. Ufunguo wa BitLocker, simbiko ya Windows, una tarakimu 48. Nimeunakili kwanza, kisha nikaizima simbiko kabisa. Ningegusa mipangilio ya BIOS (programu inayoamsha mashine kabla ya mfumo) kabla ya kujua hilo, Windows ingenidai ufunguo nisiojua uliko.

Jumanne, 21 Oktoba, usiku

Nimepakua Debian ya majaribio inayowaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Nimelinganisha SHA-256, alama ya kuhakiki kwamba faili ni kamili, imelingana herufi kwa herufi. Secure Boot, kinga inayoruhusu kuwaka kwa programu zenye saini tu, nimeiacha kama ilivyo. Debian huwaka nayo bila taabu kwa sababu kipande chake cha kwanza cha kuwashia kimetiwa saini na Microsoft. Bado nasoma ushauri wa "kwanza zima Secure Boot" kila mahali, na kwa mashine ya kawaida ni ushauri uliopitwa na wakati.

Skrini sawa, na mwangaza unapanda na kushuka kwa vitufe vyake. Sauti sawa. Kamera sawa. Wi-Fi hata alama yake haipo, kama nilivyotarajia. Nimechomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti, na mtandao ukaja papo hapo bila kuulizwa lolote. Kwa laptopu isiyo na tundu la kebo ya mtandao, huu waya wa simu ndio kamba ya uokozi.

Kilichonikata maini ni diski. Haipo. Nimefungua programu ya diski nikaiona flashi peke yake. Diski ya NVMe ya GB 256 yenye maisha yangu yote imetoweka, na sekunde kadhaa nilikuwa natafuta kichwani ni wapi nimeweka zile diski za bakapu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Diski haikuwa na ugonjwa. Ndani ya BIOS kulikuwa na mpangilio wa kihifadhi uliowekwa RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa, ingawa mashine ina diski moja tu na RAID ya diski moja sijui ni ya nini. Katika hali hiyo kidhibiti cha Intel huificha NVMe nyuma yake, na kerneli haioni kitu cha kuzungumza nacho. Dawa ni kubadili iwe AHCI, hali ya kawaida isiyo na muungano huo.

Ila ukibadili ghafla, Windows iliyozoea RAID itakataa kuwaka na kukuonyesha skrini ya buluu. Nami nataka Windows ibaki kwa wiki kadhaa kama kiti cha akiba. Njia iliyonifaa: ndani ya Windows, kwenye dirisha la amri la msimamizi, nikaandika `bcdedit /set safeboot minimal`. Nikazima na kuwasha, nikaingia BIOS moja kwa moja, nikabadili kuwa AHCI, nikahifadhi. Windows ikawaka katika hali salama, na humo hupakia draiva ya AHCI yenyewe. Kisha `bcdedit /deletevalue safeboot`, washa tena, kwisha. Dakika kumi na tano za kushika pumzi.

Baba amepita sebuleni akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine imepona au bado iko wodini?" Nikamwambia, "Bado, Baba, ila imefumbua macho."

Jioni nimesakinisha. Ndani ya Windows nilizima Fast Startup kwanza. Ikiachwa, Windows haizimiki kikamilifu bali hulala nusu, na Linux inakataa kuandika kwenye diski yake kwa kuogopa kuiharibu. Nimepunguza eneo la Windows, nikaipa Debian GB 120 kwa mpangilio wa faili wa ext4. Kisakinishi chenyewe hakina hadithi.

Jumapili, 26 Oktoba, saa tano usiku

Wi-Fi, na somo la kusoma maandishi kwenye skrini.

Draiva ya chipu yangu ipo kwenye hazina ya Debian, katika fungu la zisizo huria. Inakuja kama msimbo unaojengwa hapahapa kwenye mashine kwa DKMS, mtambo unaoijenga upya kila kerneli inapobadilika. Nimeisakinisha kwa intaneti ya simu. Imejengwa bila kosa. Nimewasha upya. Hakuna Wi-Fi.

`dmesg`, amri inayosoma kumbukumbu za kerneli, ikaniambia: moduli (draiva niliyoijenga) imekataliwa, haina saini inayotambuliwa. Kumbe ndiyo gharama ya kuiacha Secure Boot. Moduli za Debian zimeshatiwa saini na Debian, lakini hii nimeijenga mimi, na mashine hainijui mimi ni nani. DKMS ilishatengeneza ufunguo na kuutumia kutia saini. Kilichobaki ni kuutambulisha ufunguo huo kwa mashine: `mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, unatunga nenosiri la mara moja, unawasha upya, na skrini ya buluu inakungoja kabla mfumo haujawaka. Inangoja sekunde kumi. Mimi nilikuwa nimekwenda kunywa maji.

Mashine ikaendelea kuwaka kama kawaida, na ombi langu likafutwa. Nimerudia amri ileile, safari hii nikakaa mbele ya kioo kama mlinzi. Bonyeza kitufe, chagua kusajili ufunguo, andika nenosiri, washa upya. Wi-Fi ikatokea, na Bluetooth nyuma yake.

Jumanne, 28 Oktoba

Saa. Nikitoka Linux kwenda Windows, saa inaruka kwa masaa kadhaa. Windows huchukulia saa ya ndani ya mashine kuwa ni saa ya mahali ulipo, Linux huichukulia kuwa ni UTC, saa ya pamoja ya dunia, na kila mmoja humsahihisha mwenzake. Kwa kuwa Windows inaondoka, sijarekebisha. Nimeandika tu nisije nikadhani betri ya ubao mama imekufa.

Jumapili, 2 Novemba

Leo nilijitengea siku nzima ya kupigana na printa. Nimemaliza kabla chai haijapoa.

Printa iko kwenye Wi-Fi. Nimefungua mipangilio, jina lake limeshaorodheshwa, nimechapa ukurasa, umetoka. Hakuna draiva niliyopakua. Printa nyingi za muongo huu zinazungumza IPP, lugha moja ya uchapishaji ambayo simu pia zinaitumia, na CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, inaielewa. Aliyelazimisha watengenezaji waache kila mmoja kuzungumza kilugha chake ni simu: hakuna ambaye angesakinisha draiva ya MB 300 kwenye simu ili achape tiketi.

Onyo dogo kwa anayenifuata. Hii haihusu zile printa za leza za bei nafuu za zamani ambazo ubongo wao wote uko ndani ya draiva ya Windows. Hizo bila draiva yake ni sanduku la plastiki lenye wino. Angalia namba kwanza.

Skana ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ni ya zamani, ya bapa, ya USB, na tangu nihamie Windows 10 ilikuwa kabatini kwa sababu mtengenezaji aliacha kuitolea draiva. Nimeichomeka bila matumaini. SANE, programu ya skana ya Linux, imeitambua kwa namba yake na taa ikaanza kutembea chini ya kioo. Watu wanapozungumzia Linux na vifaa huwa wanazungumzia vilivyokataa tu. Hiki kilikataliwa upande wa pili, kimepokewa huku.

Jumapili, 9 Novemba

Usingizi. Nafunga laptopu usiku ikiwa na betri asilimia 80, asubuhi naikuta imezima. Mara mbili mfululizo.

Nikaingiwa na wazo kwamba kerneli mpya zaidi itakuwa imetibu hili. Nimewasha hazina ya backports, yenye matoleo mapya kuliko ya Debian ya kawaida, nikasakinisha kerneli mpya. Kesho asubuhi nitajua.

Jumatatu, 10 Novemba

Kerneli mpya: betri imekwisha vilevile, na Wi-Fi haipo tena. Nimekwenda kutafuta fimbo nimepoteza na ng'ombe.

Kosa la kwanza ni langu. DKMS haiwezi kujenga moduli bila vichwa vya kerneli husika (faili zinazoeleza mambo yake ya ndani), na mimi nilisakinisha kerneli peke yake. Nimeongeza vichwa. Ikaanza kujenga, ikafa katikati kwa makosa ya ukurasa mzima.

Kosa la pili si la mtu mmoja, na ndilo kiini cha mradi huu wote. Watengenezaji wa kerneli wana ahadi moja wanayoishika kwa ukali: hawavunji programu za watumiaji. Lakini mambo ya ndani, yale ambayo draiva huyategemea, wanayabadilisha wapendavyo, na hawajaficha hilo. Draiva iliyomo ndani ya kerneli hurekebishwa na yuleyule aliyebadilisha. Draiva ya nje inaachwa ikimbilie garimoshi. Ikiwa mtengenezaji wake alishaichoka, hutegemea watu wa kujitolea wanaoibandika viraka, na viraka huchelewa.

Nikarudi kwa kerneli ya 6.12. GRUB, programu ya kuchagua cha kuwasha, huhifadhi kerneli za zamani kwenye menyu yake ya pili, unachagua tu. Wi-Fi ikarudi. Kerneli ya backports nimeiondoa.

Jumamosi, 15 Novemba

Usingizi umetibiwa, na haukuhitaji kerneli mpya hata kidogo.

`cat /sys/power/mem_sleep` ilirudisha `[s2idle] deep`. Mabano yanaonyesha kinachotumika. Ile ya kwanza ni usingizi wa juujuu, mashine inafumba macho lakini vifaa vingi bado vina umeme. Ya pili ni usingizi wa kweli, RAM pekee ndiyo inayolishwa. Mashine yangu inaziweza zote mbili, ila ilichaguliwa ya kwanza. Nimeongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye mstari wa kerneli ndani ya `/etc/default/grub`, nikaendesha `update-grub`. Usiku wa jana: imelala na 80, imeamka na 78.

Laptopu nyingi mpya zaidi ya hii hazina `deep` kabisa, watengenezaji wameiondoa kwenye BIOS. Huko dawa hii haipo. Mwenye nayo ashukuru.

Siku sita zimepotea, tano kati yake kwa sababu nilibahatisha dawa kabla ya kupima. Amri ya `cat` inachukua sekunde moja.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeamua kuing'oa kadi ya Wi-Fi. Inafanya kazi leo, lakini kila sasisho la kerneli nalipokea huku nimekunja uso, na kifaa cha namna hiyo kimeshakuwa mpangaji msumbufu.

Kabla ya kuagiza nimekagua mambo matatu. Umbo: kadi yangu ni M.2 2230, maana yake milimita 22 kwa 30. BIOS: baadhi ya watengenezaji wa laptopu huweka orodha ya kadi zinazoruhusiwa na kukataa kuwaka na nyingine yoyote, walionitangulia na mashine kama yangu wanasema haina. La tatu ndilo linalowaponza wengi. Kadi za Intel zenye majina yanayofanana si sawa. AX201 na AX211 ni nusu kadi, nusu nyingine imo ndani ya chipu za ubao mama wa kizazi kipya, kwa hiyo kwenye mashine ya kizazi cha saba zitakuwa kipande cha bati. AX200 na AX210 zinajitegemea. Nimechagua AX200: draiva yake, iwlwifi, imo ndani ya kerneli na inaijua kadi hii tangu toleo la 5.1.

Tofauti ya tarakimu moja mwishoni. Muuzaji hakuiandika kwa herufi kubwa.

Jumamosi, 6 Desemba

Kadi imefika jana. Skrubu kumi za kifuniko cha chini, kisha waya wa betri nimeuchomoa kwanza. Waya mbili za antena zinashikizwa kwa vifungo vidogo kama vya shati la mwanasesere. Ukivisukuma vikiwa upande vinapinda na hapo umeingia gharama ya antena. Nimevilenga kwa kucha, nikabonyeza wima, nikasikia mlio mdogo. Cha pili kimenichukua dakika ishirini na maneno ambayo siyaandiki.

Nimewasha. Wi-Fi ipo kabla hata sijaandika nenosiri la kuingilia. `lspci -nn` inaonyesha 8086 palipokuwa na namba ya yule mwingine. Nimeiondoa draiva ya nje, na DKMS nayo, maana haina tena cha kujenga.

Jumapili, 7 Desemba

Windows sijaifungua tangu tarehe 16 Novemba, na mara ile niliifungua ili kuhakikisha siihitaji. Nimefuta sehemu yake ya diski leo asubuhi, nikaipanua ya Debian ikachukua nafasi yote. Sehemu ndogo ya kuwashia ya UEFI sikuigusa, kwa kuwa mifumo yote miwili iliishi humo na GRUB bado imo.

Karatasi ya tarehe 19 Oktoba iko mezani. Msalaba uliobaki ni mmoja, kisoma alama za vidole. Naandika nenosiri kwa mkono. Kadi ya zamani nimeitia kwenye bahasha, juu yake nimeandika namba yake ya kifaa na maneno "inadai draiva ya nje", kisha nikaiweka kabatini mahali ilipokuwa skana.